Gunia Sita

Gunia sita za viazi vya Umalila,
nimezihesabu mara tatu usiku,
ndizo zimekunjwa humu mfukoni,
zimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Julai. Mwanjelwa inapumua mvuke,
wauza chai wameinamia majiko,
na mimi nimekuja kununua sauti.

Maana ile ya kuazima iliniaibisha.
Ilikuwa amplifaya ya gitaa, ya Ambakisye,
nzuri kwa nyuzi, nyepesi, haina makuu.
Lakini kule Tukuyu, kwenye sendofu ya binti wa mwalimu,
mkono wangu wa kushoto ulipotafuta besi
ikakohoa. Ikakwaruza. Ikatoa mlio
wa bisi kwenye sufuria lenye kifuniko,
na mama wa binti akatazama juu,
akadhani mvua imeanza kupiga bati.
Tukuyu, kosa hilo linasameheka.
Mimi sikujisamehe.

Bwana Luvanda anazo tano,
amezipanga kwa kimo, kama watoto kwenye gwaride.
Ananionyesha kubwa kwanza, bila shaka.
"Wati mia tatu! Hii ukiifungulia,
Loleza itageuza shingo."
Anaifungulia. Vikombe vya jirani vinacheza.
Mtoto mgongoni mwa mama yake anaangua kilio.
Naishika masikio, nainyanyua:
inang'ang'ania sakafu kama ng'ombe asiyetaka mnada.
Nani ataipandisha kilima cha kwetu Itezi saa nane usiku,
mpiga ngoma amelewa, bajaji imegoma?

Ya pili ni nyepesi kama kikapu cha mayai,
na sauti yake ina woga wa mayai.

"Sasa usipige kitu," namwambia. "Fungua sauti yote,
tusikilize ukimya wake."
Ananitazama kana kwamba nimeomba
kulamba sufuria kabla ya ubwabwa.
Ya tatu inavuma, nyuki waliofungiwa mzingani.
Ya nne ina tundu moja tu la waya,
na mimi nina kinanda, na dada yangu ana koo.

Ya tano imechubuka pembeni.
Imevuka Tunduma katikati ya magunia,
na kwenye wavu wake imenasa punje ya mahindi.
Nabonyeza noti ya chini kabisa, moja,
naiacha ikae.
Haikimbii. Haiombi radhi.
Inasimama sakafuni kama mtu
aliyevaa viatu vyake mwenyewe.

Subilaga yuko mlangoni, ametupa mgongo,
kitenge mabegani, mikono kwapani kwa baridi.
Nilimwambia asitazame, asije akapenda rangi.
Napiga ule wimbo uliotushinda Tukuyu,
polepole, kwa chini, kama vile ukumbi unakula.
Hapo ndipo nyingi hufa, kwenye unyonge;
kupiga kelele, hata debe tupu linaweza.

Anageuka kabla sijamaliza.
"Hii," anasema. "Kwenye hii nauona mlango.
Najua niingilie wapi."

Luvanda anataka saba.
Anataja kodi, anataja mpaka, anataja ada ya mwanawe,
anapangusa vumbi kwenye mchubuko
kana kwamba kidonda kitapona kwa kitambaa.
Tunafikia sita na debe moja la ahadi,
nitaleta mavuno yajayo, Mungu akipenda na ukungu ukikubali.

Tunaibeba wawili, kila mtu sikio lake,
tukipita kati ya nyanya na maparachichi,
tukibadilishana mikono kila hatua kumi.
"Nzito," anasema Subilaga.
"Nzito," nakubali, wala hatusimami.
Jumamosi tuna harusi Mbalizi.

Ile punje sijaitoa.
Nikigusa fa ya kati, inacheka kidogo mle ndani.
Nitaitoa kesho. Au keshokutwa.